Mwanasaumu na Bi Esei

Mke wangu Mwanasaumu alifariki mwezi wa Shaaban. Matangani watu walimsema kwa wema. Walisema alikuwa na subira, alikuwa na mkono wa kushona, hakugombana na jirani. Kweli tupu. Lakini waliomjua tulipokuwa vijana wamekwisha kwenda wote, na habari ya Bi Esei hakuna aliyeitaja. Basi nitaieleza mimi. Sina maneno mengi.

Mwanasaumu alizaliwa Bofu, hapa Likoni. Babake alikuwa na minazi kidogo na shamba la mihogo. Mwanasaumu mwenyewe alishona magodoro na mito ya sufi. Watu walivuka feri kutoka mjini kuja kushonewa naye, kwa sababu godoro la Mwanasaumu halikufanya bonde. Nilimuoa mwaka wa hamsini na sita.

Mimi nililelewa na shangazi yangu Mwanaima, wa Mtongwe. Mama alinifia ningali nanyonya. Shangazi ndiye aliyenitafutia maziwa ya mbuzi, akanifunga mgongoni, akanipeleka chuo cha Kurani nikubali nisikubali. Kwa hivyo shangazi akisema kaa, nilikaa. Akisema inuka, niliinuka. Hata ndevu ziliponitoka ilikuwa hivyo.

Miaka ikapita na mtoto hatukupata. Mwanasaumu alikunywa kila mzizi alioletewa. Mimi pia nilikunywa.

Wakati huo nilikuwa fundi katika gereji moja karibu na feri. Mwaka wa sitini na moja Wazungu wa ufuo wa Shelly wengi walikuwa wakifunga mizigo, maana uhuru ulikuwa umeshaanza kunukia. Kulikuwa na mama mmoja Mtaita, Rosalia, mpishi katika nyumba mojawapo. Akanijia gereji.

"Fundi, nyuma ya jiko letu kuna kitu cha kukufaa. Bwana asema kiondoke kabla yeye hajaondoka."

Nikaenda na rafiki yangu Idarus, baharia, ambaye meli yake ilikuwa imemshusha na nyingine bado hajaipata. Tukaikuta pikipiki ya Kiingereza, BSA, ya tangu wakati wa vita, imeegemezwa mnazi. Upepo wa chumvi ulikuwa umeila. Kuku walikuwa wakitagia katika kiti chake.

"Na kuku hawa je?" nikamuuliza Rosalia.

"Nitawajengea. Si wao wa kwanza kuhamishwa mwaka huu."

Tukaisukuma mchangani mpaka nyumbani, magurudumu hayazunguki, jasho latutoka. Tulipofika magharibi ilikuwa inaingia. Mwanasaumu alikuwa amesimama katika mlango wa ua.

"Bwana, huyu ni nani mliyemkokota hivi?"

Idarus akajibu kabla yangu. "BSA huyu, shemeji!"

Lakini alivyolitamka kwa Kizungu cha melini, lilitoka Bi Esei. Mwanasaumu akaziba kinywa kwa leso. Kisha akasogea, akaigusa taa yake iliyovunjika.

"Karibu, Bi Esei. Mbona umechakaa hivi, mwanamke mwenzangu? Huko kwa Mzungu walikuwa hawakulishi?"

Tangu siku ile hatukuiita pikipiki. Ilikuwa Bi Esei.

Idarus ndiye aliyenitia wazo. Alikuwa ameona vijana wa London. Alisema wana pikipiki kama hii, nao huivua kila kisichohitajika. Madigadi hawataki. Kiti kirefu hawataki. Usukani huupindua ukaelekea chini, na mwenye kuendesha hulala juu ya tangi kama mtu aliyeshikwa na msokoto wa tumbo. Hushindana mbio kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Ndiyo jina lake, pikipiki za mkahawa.

"Watoka mkahawani mbio kwenda mkahawani?" Mwanasaumu akauliza. "Kwao hakuna chai?"

"Wapenda mbio tu, shemeji."

"Masikini. Hawana wake."

Mimi habari ile niliipenda. Tena ilitufaa. Madigadi yalikuwa yameoza, kiti kimeoza. Walivyovivua wao kwa kupenda, sisi chumvi ilikuwa imeshatuvulia.

Nilifanya kazi jioni, nikitoka gereji. Mwanasaumu alifanya mchana, sikumwambia. Pistoni ilikuwa imegandana na silinda, haisongi mbele wala nyuma. Dawa yake ni mafuta taa na kungoja. Nikitoka asubuhi, yeye kila alipopita kwenda jikoni alitia tone katika tundu la plagi, akampapasa Bi Esei, akamwambia, "Kunywa, mama." Vyuma alivisugua kwa ndimu na jivu, kama asuguavyo sinia za arusi. Siku moja nilirudi nikamkuta amekaa kizingitini anacheka peke yake.

"Wacheka nini?"

"Nimemkanyaga mguu wake ule wa kando, wa kuwashia, ukashuka. Bi Esei amepumua."

Usukani tuliupindua mimi na Idarus. Vikanyagio tukavirudisha nyuma. Kikabaki kiti. Nikakata kijiti kwa kipimo cha kiti cha mtu mmoja, kama alivyoeleza Idarus, nikampa Mwanasaumu ashone. Akakipokea, akakichomeka ukutani.

Ijumaa moja, baada ya sala, shangazi akaja. Akaketi kitandani, akatoa kipepeo chake.

"Mwidani."

"Labeka, shangazi."

"Mkeo sina neno naye. Wallahi sina. Lakini mimi nazeeka, na damu ya ndugu yangu imebaki kwako peke yako. Yuko binti wa mzee Boga, kule Mtongwe. Nimeshasema na mamake. Mwezi wa Mfungo Tatu twenda kuposa, inshallah."

Nikatazama mkeka.

"Wasemaje?"

"Nimesikia, shangazi."

"Nimesikia si jibu."

"Nimesikia, shangazi."

Mwanasaumu alikuwa nyuma ya pazia na kahawa mkononi. Akaingia. Akapiga goti, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, akamimina. Hakumwaga hata tone. Shangazi alipokwisha kwenda, akaja kukaa mbele yangu.

"Wamtaka?"

"Simtaki."

"Basi mwambie shangazi."

"Siwezi. Yule ndiye aliyenilea."

"Najua. Ungekuwa waweza kumrudishia maneno, labda nisingekupenda hivi. Lakini na mimi sitaweza, bwana. Wengine waweza, nami siwasemi. Mimi sitaweza kukugawa. Siku atakayoingia, mimi nitarudi Bofu kwa baba. Sitagomba. Nitafunga sufi yangu tu, nitakwenda."

Nilimjua. Akisema hivyo ndivyo.

Akainuka, akachukua ndimu na jivu, akaenda uani.

Jirani yetu wa ua wa pili alikuwa Tumu. Mtu mwema, ila neno halikulala ndani yake. Alikuwa amekwenda Vanga kwa bintiye aliyejifungua, amekaa huko miezi, na sasa amerudi. Jumapili moja mimi nililala chini ya pikipiki nafunga cheni. Mwanasaumu alikuwa amepakata tangi la petroli. Lilikuwa na kutu ndani, tukatia changarawe na mafuta taa, naye akilitikisa huku na huku magotini mwake. Tumu akasikia mlio. Akasema nasi kutoka upande wake wa ua, makuti yamemkinga.

"Mwanasaumu! Kayamba gani hiyo mchana wote?"

"Si kayamba, Tumu. Namsafisha tumbo Bi Esei."

"Bi Esei ndiye nani?"

"Wa bwana. Kamleta kutoka Shelly, katika nyumba ya Mzungu."

Tumu akasogea, makuti yakachakacha.

"Kamleta hapa? Kwako?"

"Hapa hapa uani. Ndani hakuweza kuingia."

"Na ana tumbo?"

"Tumbo analo. Ndilo nililolipakata."

"Subhanallah! Na wewe wamuuguza?"

"Nitafanyaje, Tumu? Mwenyewe hajiwezi. Asiposukumwa hatoki alipo."

"Mwanasaumu," Tumu akasema, na sauti yataka kulia, "wewe ni mtu wa peponi."

Kicheko kikanijia. Mwanasaumu akanikanyaga mguu nisitoe sauti. Tumu alipokwenda zake nikamwambia, "Huyu ameelewa vingine."

"Nimesema uongo?"

Nikafikiri. "Hukusema."

"Basi funga cheni."

Baada ya hapo watu wakawa wanipa hongera. Gereji, msikitini, kwenye foleni ya feri. Mimi nikadhani ni kwa sababu ya pikipiki, nikawa naitikia ahsante. Mzee mmoja akanishika mkono baada ya alasiri, akaniuliza kwa upole kama nagawa zamu kwa haki. Nikamwambia jioni zote ni za Bi Esei, huyu wa ndani ameshanizoea. Alinitazama vibaya mno. Nilipomweleza Mwanasaumu, alicheka mpaka akakaa chini. Hapo ndipo nilipotambua neno limefika wapi. Nikataka kwenda kulikanusha.

"Ngoja," akasema. "Usiende. Lisipofika Mtongwe nitakwambia uende."

Lilifika.

Shangazi alikuja kwa miguu, jua kali, na Tumu nyuma yake, na wanawake wawili wengine wa Mtongwe. Mmoja amebeba sinia imefunikwa kawa. Idarus alikuwepo, spana mkononi. Shangazi hakungoja shikamoo yangu.

"Yuwapi?"

"Nani, shangazi?"

"Usinifanye mtoto. Kwa mzee Boga wamenirudishia neno. Wasema binti yao hawampi mtu mwenye wake wawili, na wa pili ana mimba. Nimeona haya, Mwidani. Nimeinuka pale sina pa kuuweka uso." Akavuta pumzi. "Lakini njiani moyo ukageuka. Nikasema, hata kama kanificha, mtoto ni mtoto. Nimemletea leso na halua. Yuwapi huyo Bi Esei?"

Alikuwa anafurahi. Hilo ndilo lililonikata maini. Sikumbuki kumwona shangazi na uso ule tangu siku ya arusi yangu.

Mwanasaumu akatoka jikoni, amejifuta mikono. "Shikamoo, shangazi. Yuko uani. Njooni."

Tukamfuata. Akaufunua mkeka tuliokuwa tukimfunikia.

Bi Esei alikuwa amesimama pale, usukani umeinama, tangi lang'aa mtu aweza kujitazama uso. Hana madigadi. Hana kiti. Tumu ndiye aliyeanza.

"Ni pikipiki!"

"Ni BSA," akasema Idarus.

"Na tumbo je?"

Mwanasaumu akaligonga tangi kwa kidole. Likalia.

Shangazi akaizunguka polepole. Akatazama mbele, akatazama nyuma. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, nami niliona inavyotoka. Akasimama mbele ya Mwanasaumu.

"Basi na huyu naye hazai," akasema.

Tumu akatazama miguu yake.

"Azaa moshi tu, shangazi," Mwanasaumu akajibu. "Na huo pia bado hatujauona."

Shangazi akamkazia macho. Nikadhani atalia, nikadhani atamlaani. Mara akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akacheka. Alicheka buibui likamteleza, na wenziwe nao wakaangusha kicheko, Idarus akaegemea ukuta. Shangazi alichukua leso ya kwenye sinia akafutia macho. Alifuta, akafuta tena, na nikaona sasa si kicheko anachokifuta.

Alipotulia akasema, "Mbona hana mgongo?"

"Kiti chashonwa na shemeji, mama," Idarus akamweleza. "Cha mtu mmoja. Za mkahawa ndivyo zilivyo."

"Kiko tayari," akasema Mwanasaumu.

Mimi nilikuwa sijakiona. Akaingia ndani, akatoka nacho. Ngozi nyeusi, ndani sufi, mishono myembamba kama ya kofia. Akakiweka juu ya fremu. Kikaanza kwenye tangi, kikaenda, kikaenda, kikaishia kwenye taa ya nyuma.

"Shemeji, umekosea kipimo," Idarus akasema.

"Sikukosea. Kijiti kilikuwa cha mtu mmoja. Nimekipima mara mbili."

Shangazi akaweka mkono nusu ya nyuma. "Na huku akaa nani?"

Mwanasaumu hakucheka hapo. Alisimama wima, mikono imelala kando.

"Mimi, shangazi. Kama mtaniachia."

Kwa jirani jogoo akawika.

Tumu, Mungu amrehemu, hakuwa na ubaya. Alitaka kutengeneza alichoharibu. "Basi mama," akasema, "si yafaa Mtongwe wapelekewe habari? Waambiwe ni chuma tu. Binti wa watu bado yupo, na mwezi wa Mfungo Tatu haujaandama."

Sote tukamtazama shangazi. Mimi nilikuwa nimeshika tangi, na nilijua akisema ndiyo nitasema nimesikia, na Mwanasaumu atafunga sufi yake.

Shangazi alikuwa anakibonyeza kile kiti kwa kiganja, kama watu wabonyezavyo godoro kabla hawajalichukua. Akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma. Hakikufanya bonde.

"Tumu."

"Abee."

"Kwa mzee Boga wameshaambiwa wako wawili."

"Lakini mama, si—"

"Mimi ni mtu mzima. Sirudi katika nyumba ya watu na kauli ya pili. Mwidani ana wake wawili. Wameshajua, na mimi nimeshajua." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe wa tatu usiniletee. Sina nguvu za kutembea tena jua hili."

"Nimesikia, shangazi," nikasema.

"Leo ndiyo umejibu."

Akaitisha kisu. Leso zilikuwa doti, pande mbili hazijakatwa. Akazikata katikati, sawasawa. Moja akamtupia Mwanasaumu begani. Nyingine akampa mkononi.

"Hii ya mwenzio. Mfunike nayo. Chumvi ya hapa yala kila kitu."

Halua tukaila pale pale uani, sote, Idarus na spana yake. Jioni ile Mwanasaumu alikitoa kile kijiti ukutani, akakitia motoni.

Bi Esei hakuwaka siku ile wala mwezi ule. Kabureta ilitusumbua. Aliwaka siku za karibu na Uhuru, watu wakiwa barabarani wakibishana habari ya Mwambao na bendera, wapi tutakuwa, chini ya nani. Moshi ukajaa ua mzima. Mwanasaumu akakimbilia kwa Tumu, akapiga kelele juu ya makuti, "Tumu! Amejifungua!"

Alipanda nyuma yangu kwa upande, buibui amelikunja chini ya paja, mkono mmoja kiunoni mwangu. Tukapita Bofu kwao, tukapita barabara ya feri. Vijana wa pale walikuwa wameshaijua habari. Wakapiga mayowe: "Tazameni! Mke mkubwa kampanda mke mdogo!"

"Na zamu ni yangu leo!" akawajibu.

Shangazi naye alipanda, mara moja tu, Mtongwe mpaka feri. Alisoma Ayatul Kursi njia nzima. Tulipofika akashuka, akajipanga buibui lake, akasema hajambo huyo Bi Esei, ila ana maneno mengi. Alipofariki, Mwanasaumu ndiye aliyemkosha, na alimlilia kuliko mimi.

Binti wa mzee Boga aliolewa Ng'ombeni, akapata watoto wengi. Nilifurahi kusikia.

Sisi hatukupata. Mungu hakuandika. Lakini nilikaa na mtu niliyemtaka, sikuvunja heshima ya aliyenilea, na yote mawili nilipewa na mwanamke mmoja bila kupaza sauti. Wengi waliosoma na waliotajirika sikuwaona wakipewa hivyo. Alhamdulillahi.

Idarus hakupata kukisamehe kile kiti. Mpaka uzeeni alisema tuliharibu pikipiki nzuri ya mkahawa.

Injini ilikufa mwishoni mwa miaka ya sabini, na fremu ikaliwa kama alivyosema shangazi. Kiti nikakitoa. Nikakiweka barazani juu ya mawe mawili, tukawa twakikalia jioni. Mwanasaumu alikitia sufi mpya kila kilipotaka kulegea. Mimi nilikaa mwanzo wake, yeye mwisho. Nilimwambia mara nyingi abadilishe, upande wangu una kivuli. Alikataa. Alisema, "Pangu ni nyuma. Nilipaomba mwenyewe, nikapewa."

Siku za matanga wageni walikuwa wengi, viti havikutosha. Mtu akataka kuketi pale mwisho, nikamwomba asogee kwangu, tukabanana.

Bado nakikalia jioni. Nakaa mbele.